Kingamwili ya Sungura na Chupa za Pangani

Mmeniomba niandike nilivyofanya kazi, nanyi mnajua mimi si mtu wa kuandika. Kwa zaidi ya miaka thelathini nimeandika namba kwa penseli kwenye ncha za vioo vya hadubini, kwa mwandiko ambao Daktari Neema anasema ni kama kuku amepita na miguu yenye wino. Lakini tangu nistaafu asubuhi zangu zimekuwa ndefu. Nikishamwagilia mchicha na kugombana na jirani kuhusu mbuzi wake, sina la kufanya hadi adhuhuri. Basi nitaandika. Vyeo sitavigusa, kwa sababu havikunifundisha kitu. Nitawasimulia chumba, vifaa, mtu aliyenifundisha, na lile kosa langu ambalo baadhi yenu mmelisikia vipande vipande kwenye chai.

Niliingia chumba cha tishu cha hospitali yetu hapa Tanga nikiwa binti kutoka Maramba, nimevaa viatu vya kuazima, nikiamini kwamba maabara ni mahali pa kupimia malaria tu. Aliyenipokea ni Mzee Kihiyo, Msambaa wa milimani, Mlutheri, mtu mfupi mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba bila kuinua macho, kisha akanionyesha mashine ya kukatia tishu, mikrotomu. Ninyi mnaijua, lakini wajukuu zangu nao watasoma, kwa hiyo nieleze. Kipande cha mwili wa mgonjwa kinalowekwa kwenye formalini ili kisioze. Kikishaiva, kama tunavyosema sisi dawa ikikiingia hadi ndani kikawa kigumu, kinazamishwa kwenye nta, na nta ikiganda unapata kitu cha mraba tunachokiita bloku. Mikrotomu inaipara hiyo bloku, unatoka utepe mwembamba kuliko ngozi ya kitunguu, unauelekeza kwenye maji ya vuguvugu, unauchota kwa kioo. Ukishaupaka rangi, daktari anauweka chini ya hadubini na kusema hii ni saratani au si saratani.

Mzee Kihiyo akanipa bloku ya nta tupu, haina nyama ndani. "Kata," akasema. "Utepe ukifika mlangoni bila kukatika, niite."

Nilikata wiki tatu. Utepe ulikatika, ukajikunja, ukapeperushwa na feni, ukanasa kwenye vidole vyangu. Siku ulipofika mlangoni nilimwita huku nikicheka peke yangu. Akaja, akautazama kuanzia mwanzo hadi mwisho.

"Mlango wa nje," akasema, akarudi kwenye chai yake.

Siku hizo visu vya mikrotomu tulivinoa wenyewe, kwenye jiwe lenye mafuta kisha kwenye mkanda wa ngozi, na mtu akitaka kukujua alitazama kisu chako, hakukuuliza habari ya cheti. Joto la Tanga lilikuwa adui yetu wa kwanza. Nta ikilegea, utepe unakuwa uji. Kiyoyozi tulikuwa nacho, lakini kilifanya kazi kwa kutaka chenyewe. Kwa hiyo kila asubuhi nilipita kwa jirani yangu wa Ngamiani aliyeuza barafu za ukwaju, nikanunua zile zilizomwaga rangi au kupasuka mfuko, nikazitia kwenye chupa ya chai, nikaifunga nyuma ya baiskeli na kuipeleka kazini ili kupozea bloku. Kuna vioo vya miaka hiyo ambavyo hadi leo nikiviona nakumbuka ukwaju. Watu walitibiwa kwa vioo hivyo, na vilikuwa safi, sioni haya kusema.

Mzee Kihiyo hakuwa mtu wa hotuba. Alikuwa na tabia moja tu. Kabla ya kuipachika bloku kwenye mashine aliigonga kwa ukucha mara mbili na kusema, "Huyu ana watoto." Hakujua kama ana watoto. Alisema hivyo kwa kila bloku, hata ya mtoto mchanga. Mwanzoni nilidhani ni uzee. Alipostaafu na kurudi kwao nikajikuta nami nafanya, nikijidanganya kwamba naisafisha vumbi.

Sasa chupa. Sampuli zetu zilitoka wilaya zote za huku pwani na bara yake, na zilikuja kwa chochote kilichopatikana: chupa za mayonesi, makopo ya vidonge, mara moja kwenye chupa ya marashi iliyokuwa haijaoshwa vizuri, tishu ikanukia kama bibi harusi. Shida kubwa ilikuwa formalini kidogo. Tabibu aliweka nyama kubwa kwenye dawa ya kijiko, na chupa ilipofika kwetu nje kumeiva na ndani kumeoza.

Siku moja ilifika chupa ya namna hiyo kutoka kituo cha afya upande wa Pangani. Kilikuwa kipande cha titi. Nilipokigusa kwa kisu kikabonyea, na katikati ilikuwa uozo mtupu, hakuna seli hata moja ya kusomeka. Mwanamke amekatwa bure. Nilipandwa na hasira. Nikapiga simu kwa tabibu wa pale, kijana aliyekuwa ndiyo kwanza amepangiwa kazi, jina lake Bakari, nikamfokea mbele ya kila mtu aliyekuwa chumbani.

"Wewe unaniletea nyama mbichi? Sokoni hapa? Jaza dawa, halafu usinitumie kitu mpaka kiive! Kiive mpaka moyoni! Umenisikia?"

"Nimesikia, dada," akasema. "Mpaka kiive."

Na kweli alisikia. Tangu siku hiyo chupa za Pangani zilikuwa za mfano. Dawa imejaa, kifuniko kimefungwa kwa plasta, jina limeandikwa mara mbili, tishu imekuwa ngumu safi, inakatika kama jibini. Nilipokwenda wilaya nyingine kufundisha nilibeba chupa ya Pangani tupu nikiwaonyesha. "Igeni hawa," niliwaambia. Nilisema hivyo miaka mingi. Nawaomba mlikumbuke hili, kwa sababu ndilo lililokuja kunikaba.

Miaka ya karibuni mambo yakabadilika. Visu vikawa vya kutumia na kutupa, kiyoyozi kikapata adabu, na akaja Daktari Neema na utafiti wake wa saratani ya titi. Daktari Neema ni mtoto wa walimu wa Korogwe, mwembamba, anatembea kama anachelewa basi. Aliniita Bi Siti tangu siku ya kwanza, nami nikamwita mwanangu Daktari, na hatukuwahi kubadilisha hadi leo.

Utafiti wake ulihusu kitu kimoja ndani ya seli. Alinieleza mara tatu ndipo nikaelewa. Ndani ya seli kuna protini zinazochakaa au kuzidi, na lazima ziondolewe. Lakini kiwanda cha kuzisaga hakisagi ovyo, husaga zile zilizobandikwa alama ndogo iitwayo ubikwitini. Kimeng'enya kinachobandika alama hiyo kinaitwa ligasi ya ubikwitini, na zipo ligasi za aina nyingi, kila moja na protini zake.

"Kwa hiyo," nikamwambia, "ni kama wale wanaopita na rangi nyekundu kupiga X kwenye nyumba za barabarani. Ikishapigwa X, tingatinga linakuja."

Alicheka mpaka akakaa chini. Tangu hapo chumbani kwetu ligasi ile haikuitwa jina lake refu tena. Ikaitwa Mpiga X.

Kulikuwa na dawa mpya inayojaribiwa, na dawa hiyo ilifanya kazi kwa kumtumia Mpiga X: inamwelekeza kwenye protini inayolisha uvimbe, anaipiga alama, inasagwa. Mwanamke ambaye uvimbe wake una Mpiga X angeweza kuingizwa kwenye majaribio. Asiyekuwa naye, dawa haina wa kumtuma, na hataandikwa. Kazi yangu ilikuwa kuonyesha kwenye kioo nani anaye na nani hana.

Kifaa cha kuonyeshea kilikuwa kingamwili. Ililetwa ndani ya boksi la barafu kutoka Dar, kichupa kidogo kama cha wanja, ndani yake matone machache ya maji meupe yaliyotoka kwenye damu ya sungura. Sungura huyo alikuwa amedungwa kipande cha Mpiga X, mwili wake ukatengeneza kingamwili ya kumkamata. Ukiimwagia juu ya tishu, inamtafuta Mpiga X na kumng'ang'ania, kisha unaongeza dawa nyingine na pale ilipong'ang'ania panageuka kahawia. Kwenye kibandiko waliandika kwamba ni ya utafiti tu. Karatasi yake ilikuwa na maelekezo mazuri ya nchi yenye baridi.

Nilihangaika nayo mwezi mzima, na hiki ndicho kipindi cha kazi nilichokipenda kuliko vyote. Nikiizimua kidogo, kioo kizima kinakuwa kahawia kama kimemwagiwa chai. Nikiizimua sana, hakuna kitu. Kabla ya kuimwaga, tishu lazima ichemshwe ili formalini iliyoifungafunga ilegee kidogo na Mpiga X aonekane. Tulichemshia kwenye sufuria ya presha niliyoichagua mwenyewe sokoni, na ilipopiga mluzi wauguzi wa wodi ya jirani walikuja kuuliza kama maharage yameiva. Mwishowe nikapata kipimo chake. Seli zikasimama wazi, kahawia ya kahawa, na pembeni yake buluu tulivu ya sehemu zisizo naye. Kila mara niliweka kioo kimoja ninachojua kina Mpiga X na kimoja nisichotia kingamwili, ili nisijidanganye. Daktari Neema alipotazama alinikumbatia na glavu zangu chafu.

Tukapima sampuli za Tanga mjini: wengi kahawia. Za Maramba na Muheza: wengi kahawia. Za kituo kile cha Pangani: hakuna. Kioo baada ya kioo, buluu tupu.

Daktari Neema alichangamka. "Bi Siti, hili ni jambo jipya. Wanawake wa kule wana saratani ya aina nyingine. Hili likiandikwa litasomwa dunia nzima."

Akaanza kuandaa ripoti. Na hapa naye aliharakisha, mwenyewe anakubali: aliwaarifu matabibu wa wilayani majibu ya awali, nao wakawaambia wagonjwa wao. Wanawake wa Pangani wakaambiwa hawana kile kitu, kwa hiyo dawa haiwahusu. Orodha ya majaribio ilikuwa inakaribia kufungwa.

Mimi nilivirudia vile vioo nikiwa na kitu kinanikera na sikijui ni nini. Nikakaa kwenye hadubini tangu asubuhi. Karibu na adhuhuri nikakiona. Pembeni ya uvimbe mara nyingi unakuta tezi za titi nzima, zisizo na ugonjwa, na Mpiga X huwa hakosekani kwenye tezi nzima. Kwenye vioo vya Maramba tezi hizo zilikuwa kahawia. Kwenye vioo vya Pangani hata tezi nzima zilikuwa tupu.

Nikamwita Daktari. "Mwanangu, uvimbe unaweza kumpoteza Mpiga X. Huyu jirani yake mzima yeye kampotezea wapi?"

Akatazama, akafikiri. "Labda ni urithi. Labda ukoo."

"Ukoo gani? Shangazi yangu ameolewa Pangani. Mke wa kaka yangu ametoka Pangani. Watu hawa wanaoleana tangu enzi na enzi, leo waachane kwenye seli?"

Nikaenda kwenye madaftari. Nikampata mwanamke mmoja mkazi wa Pangani ambaye alikuja Tanga kumuuguza dadaye, naye akakatiwa sampuli hapa hapa kwetu. Kioo chake kilikuwa kahawia tele. Basi shida haikuwa kwa watu. Ilikuwa kwenye chupa.

Nikapiga simu. Bakari, ambaye sasa alikuwa mtu mzima mwenye mvi, alipokea kwa furaha. "Shikamoo dada! Habari za siku nyingi?"

"Marahaba, Bakari. Hebu niambie, ukishakata sampuli unaikalisha muda gani kabla ya kututumia?"

"Wiki mbili, dada. Wakati mwingine na siku zake juu. Gari lipo kila siku, lakini mimi siipeleki haraka."

"Wiki mbili? Kwa nini?"

"Si wewe ulisema?" Alishangaa kweli kweli. "Mpaka iive mpaka moyoni. Nikaona wiki mbili hakuna wa kunigombeza."

Nilikaa na simu sikioni hata baada ya kuagana. Siku moja hadi tatu zinatosha. Nyama ikikaa wiki mbili, formalini inazidi kuifunga, na kwa rangi zetu za kawaida, waridi na buluu, huwezi kujua, ndiyo maana miaka yote nilizisifia. Lakini kwa kingamwili ya sungura Mpiga X alikuwa amefungiwa ndani na ufunguo umetupwa. Nami ndiye niliyeagiza mlango ufungwe.

Sitawaficha. Nilifikiri kusema kosa ni la safari, chupa zilichelewa njiani. Baadhi ya chupa za Bakari hutoka ng'ambo ya mto, na pantoni haina mdomo wa kujitetea. Nilibakiza muda mchache nistaafu. Jina langu lilikuwa zuri, nimelitengeneza kwa mikono yangu, na nilitaka kuondoka nalo likiwa zima. Nilikwenda nyumbani, nikapika, nikashindwa kula. Asubuhi nikaingia ofisini kwa Daktari Neema kabla hajavua mkoba.

"Ripoti isiende," nikasema. "Sampuli za Pangani zimeiva kupita kiasi. Mimi ndiye niliyewaagiza."

Alikunja uso. Alikuwa ameshawaahidi wakubwa zake tarehe. "Una hakika, Bi Siti? Maana ni wewe huyu huyu uliyesema Pangani ndiyo mfano."

"Nipe tishu nzima na wiki mbili, nitakuonyesha."

Tulihitaji tishu yenye Mpiga X wa kutosha, inayotoka mwilini bila kumkata mtu. Nikaenda wodi ya wazazi kuomba kipande cha kondo la nyuma. Mnajua mila zetu, kondo halitupwi, linarudi nyumbani kuzikwa. Binti aliyejifungua asubuhi ile alikuwa tayari kutia saini, lakini bibi yake alikuwa amekaa mlangoni na ndoo yenye mfuniko katikati ya miguu.

"Hiki si kitu cha kuchezewa, mwanangu," akaniambia. "Hiki ni nduguye mtoto."

"Najua, bibi. Nataka cha ukubwa wa kidole gumba tu."

"Cha nini?"

Sikuwa na namna ya kumweleza ligasi. "Kuna wanawake wameambiwa miili yao imepungukiwa na kitu. Nadhani ni uongo, na aliyeusababisha ni mimi. Hiki kitanisaidia kuusema ukweli."

Alishika mfuniko wa ndoo. "Utakirudisha?"

"Siwezi, bibi. Kitakuwa na sumu ya dawa."

"Bibi, mpe," binti akasema kutoka kitandani.

Bibi akafunua ndoo, akageuza uso. "Chukua. Lakini usikitupe." Sijakitupa. Kipo kwenye droo ya tatu ya kabati la bloku, nanyi nawaagiza msikitupe.

Nilikigawa vipande vinne. Kimoja nikakitoa kwenye formalini baada ya siku moja, kingine baada ya tatu, kingine wiki moja, cha mwisho wiki mbili. Nikavikata vyote kwa kisu kimoja, nikavichemsha sufuria moja, nikavimwagia kingamwili ya kichupa kimoja. Siku ile mikono yangu ilitulia kuliko wakati wowote. Nikavipanga mbele ya Daktari Neema. Cha kwanza kahawia iliyokolea. Cha pili vile vile. Cha tatu kama chai iliyozidishwa maziwa. Cha nne buluu tupu, kama vioo vya Pangani.

Alivitazama mara mbili mbili. Kisha akatoa macho kwenye hadubini na kusema polepole, "Ningewanyima watu dawa kwa sababu ya chupa."

"Tungewanyima," nikamwambia.

Kwenye kikao cha Jumatatu, mbele ya wakubwa waliotoka Dar, nilisimama nikasema kosa lilianzia kwenye kinywa changu. Hakuna aliyenicheka. Mmoja aliuliza nilijuaje, nikamwonyesha zile tezi nzima, naye akaandika. Nilitoka pale nikijivuna, na mpaka leo najivuna. Sijawahi kuona kwa nini mtu asijivune kwa kosa alilolikamata mwenyewe.

Bloku za zamani za Pangani nikazichemsha dakika arobaini badala ya kumi na tano. Nyingi zikarudi, kahawia ikatokea kama picha inayosafishwa, na majina ya wenye bloku yakaingia kwenye orodha. Chache hazikurudi kabisa, na wenyewe ilibidi wakatwe sampuli upya. Daktari Neema akasema tutakwenda wenyewe Pangani kuwaeleza, nami niende naye. Nilipinga. Sisi wa chumba cha tishu hatukutani na wagonjwa. Tunawajua kwa ndani tu.

"Ulisema kosa ni lako," akanijibu, na gari likaondoka nami ndani.

Bakari alitupokea mlangoni, akatuingiza chumba chake cha kazi. Ukutani juu ya meza kulikuwa na karatasi iliyofifia, imegandishwa kwa plasta ya hospitali, imeandikwa kwa kalamu nene: ISIPELEKWE MPAKA IIVE. BI SITI. Nilishindwa kujua nicheke au nilie. Nikafanya vyote.

"Bakari, nisamehe. Ulifuata nilichokwambia, na nilikwambia nusu."

"Aah, dada," akasema, akitazama chini. "Nami nilipaswa kuuliza. Niliogopa kufokewa tena." Tukaibandua ile karatasi pamoja. Sasa kila chupa yake ina saa ya kukatwa na saa ya kutumwa, na mkimpigia simu, tafadhali zungumzeni naye kwa upole.

Kati ya waliosubiri kwenye benchi alikuwepo Bi Hadija, mama wa makamo anayesuka makuti ya kuezekea, vidole vyake vimepasuka pasuka. Bakari alimweleza kwamba inabidi adungwe sindano nyingine ya kuchukua tishu. Akavuta khanga yake mabegani.

"Kwani ile ya mwanzo ina nini? Mliniambia sina hicho kitu. Mnataka kukitafuta wapi tena?"

Bakari akanitazama. Daktari Neema akanitazama. Nikakaa kwenye benchi kando yake.

"Ile ya mwanzo tuliiharibu sisi," nikasema. "Niliiharibu mimi. Wewe huna kosa, wala mwili wako hauna kosa."

Alikuwa anafuta machozi kwa pindo la khanga, kwa hasira, kama mtu anayefuta vumbi. "Miezi yote hii," akasema, "nalala najiuliza Mungu alinipunguzia nini ambacho wenzangu amewapa."

Nimefanya kazi miaka mingi nikigonga bloku kwa ukucha, na sikuwahi kuaibika kama siku ile. Nikamshika mkono. Akaniachia. Kisha akaingia ndani kwa Bakari akadungwa, na chupa ile niliipakata mwenyewe hadi Tanga.

Tishu yake niliikalisha siku moja. Nikaikata, nikaichemsha, nikaimwagia kingamwili, na kichupa kilikuwa kimebakiwa na matone ya mwisho. Kabla hata sijaiweka chini ya hadubini niliona kwa macho kwamba kioo kimegeuka kahawia. Sikumwita Daktari Neema kwanza. Nilimpigia simu Bakari nikamwambia amlete Bi Hadija, naye akamleta siku ya pili.

Haikuwa utaratibu wetu kumwingiza mgonjwa chumba cha tishu, na wala msiufanye kuwa utaratibu. Nilimkalisha kwenye kiti changu, nikashusha kidogo kimo cha kiti, nikamwonyesha pa kuweka macho. Mwanzoni aliona kope zake tu. Nikamwambia atulie, asisogeze kichwa.

"Naona," akasema. "Kuna vitu vya buluu. Na kahawia. Kahawia nyingi."

"Hiyo kahawia ndiyo tuliyokwambia huna."

Akashika meza kwa mikono miwili. "Hii yangu?"

"Yako."

"Ilikuwemo tangu mwanzo?"

"Tangu mwanzo, dada yangu. Sisi ndio hatukuiona."

Hakuinuka. Daktari Neema aliingia na karatasi ya orodha ya majaribio mkononi, tayari kumwandika, akatukuta hivyo, akasimama mlangoni akingoja Bi Hadija amalize kujitazama.